Nyuma ya Noti Kulikuwa na Watu

Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, Benki Kuu ya Tanzania ilitupa miezi mitatu ya kurudisha noti za zamani. Orodha ilikuwa ndefu: noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010. Wenye nazo wakazipeleka benki wakabadilishiwa. Waliochelewa wakabaki na karatasi ambazo haziwezi kununua hata kiberiti.

Sina ugomvi na uamuzi huo. Kila benki kuu huondoa noti za zamani, na noti zilizolala kwenye vibubu na chini ya magodoro kwa miaka ishirini hazimsaidii mtu yeyote. Kinachoniuma ni namna tulivyoagana nazo. Mjadala wetu wote ulikuwa juu ya tarehe ya mwisho na foleni. Sikusikia mtu akisema: kabla hatujazirudisha, tuzigeuze tuone zina nini upande wa nyuma. Noti ndiyo maelezo pekee ya serikali kuhusu nchi yanayomfikia kila mwananchi, asiyejua kusoma na profesa pamoja, bila kulazimishwa kununua gazeti wala kusikiliza hotuba. Serikali inapochagua picha ya kuweka nyuma ya noti, inasema: hii ndiyo Tanzania, hiki ndicho tunachokithamini. Noti zilizokusanywa mwaka ule zilibeba kauli ambazo hatujazisikia tena.

Chukua ile ndogo kuliko zote, ya shilingi 20. Ilitoka mwaka 1985 ikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere aliyekwisha kuzeeka, akijiandaa kung'atuka. Miaka miwili baadaye ikatoka nyingine yenye sura ya Mzee Ali Hassan Mwinyi. Rais alibadilika, lakini picha ya nyuma ilibaki ileile: shughuli katika kiwanda cha matairi. Nchi yetu ilikuwa na kiwanda kimoja kikubwa cha matairi, General Tyre cha Arusha, ambacho serikali ilikianzisha kwa ubia na kampuni ya Kimarekani na kikaanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa Tanzania ya wakati ule, tairi lilikuwa na maana nzito. Pamba ya Shinyanga, kahawa ya Kilimanjaro na mahindi ya Rukwa vyote vilisafiri juu ya matairi, na fedha za kigeni za kuyaagiza nje zilikuwa haba kupindukia. Kwa hiyo serikali ilimwekea mwananchi mkononi, kila aliponunua sukari au kulipa nauli, picha ya kazi iliyokuwa inaiokoa nchi isiombe.

Kiwanda kile kimesimama. Uzalishaji ulikoma mwaka 2009, na ahadi za kukifufua zimepita serikali hadi serikali. Noti nayo imetoka. Mtoto aliyezaliwa Arusha mwaka 2010 hajawahi kuona tairi lililotengenezwa mjini kwao, na sasa hataiona hata picha yake kwenye fedha, isipokuwa kama kuna mzee nyumbani aliyeihifadhi.

Noti nyingine za kipindi hicho zilikuwa na moyo huohuo. Ya 50 ilikuwa na watu wakitengeneza matofali. Ya 100 ilikuwa na maandamano ya wahitimu. Ya 200, iliyokuja mwaka 1986, ilikuwa na wavuvi wawili. Mwaka 1990 ikaja ya 1,000, na nyuma yake ukawekwa mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa Wachina kule kusini magharibi, pamoja na mlango wa Benki ya Watu wa Zanzibar. Ziweke hizo noti mezani kwa mstari, utapata orodha ya kazi: kufyatua tofali, kusoma, kuvua, kuchimba, kutengeneza tairi. Ujamaa ulikuwa umechoka, foleni za bidhaa zilikuwa ndefu, na mwaka 1986 serikali ilikuwa tayari imesaini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Pamoja na yote hayo, noti zilisisitiza kwamba nchi ni watu wanaofanya kazi.

Halafu ugeuze za leo. Nyuma ya buku, ile ya 1,000, kuna Ikulu. Nyuma ya 2,000 kuna Ngome Kongwe ya Unguja. Nyuma ya 5,000 kuna mgodi wa dhahabu wa Geita. Nyuma ya 10,000, ile tunayoiita wekundu wa Msimbazi, kuna makao makuu ya Benki Kuu yenyewe. Mtindo huu ulianza na toleo la 2003 na ukaendelea katika toleo lililoingia mwanzoni mwa 2011. Ile ya 500, yenye Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imekwisha kuondolewa. Kinachotawala sasa ni jengo. Jengo la mtawala, jengo la kihistoria, mitambo ya mwekezaji, na jengo la mchapishaji wa noti.

Sidai kwamba kuna mtu alikaa ofisini akapanga kumfuta mfanyakazi. Nadai kwamba picha hizi zinasema kweli kuliko wachoraji wake walivyokusudia. Mwaka 1990 mgodi uliowekwa kwenye noti ulikuwa Kiwira, mali ya umma, makaa ya mawe kwa ajili ya viwanda na umeme wa hapa nchini. Mwaka 2003 mgodi uliowekwa ulikuwa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000 na kuendeshwa na kampuni ya kimataifa, dhahabu yake ikipanda ndege kwenda nje. Kati ya migodi hiyo miwili kuna miaka kumi na mitatu na mageuzi mazima ya uchumi: ubinafsishaji, sheria mpya za uwekezaji na za madini, mabilioni yaliyoingia na mabishano ya mrabaha ambayo hayajaisha mpaka leo. Mwalimu wa historia wa kidato cha tatu anaweza kuyafundisha yote hayo kwa noti mbili tu.

Mkusanyaji wa noti huanza hapa, kwenye kugeuza. Wengi hudhani kazi yake ni kutafuta noti itakayomtajirisha. Wapo wa hivyo. Lakini anayedumu ni yule anayesoma, na noti ya Tanzania ina mambo ya kusoma kuliko watu wanavyofikiri.

Kuna saini, kwa mfano. Noti zetu hazichapwi mwaka, kwa hiyo anayetaka kujua noti ilitolewa lini hutazama aliyeitia saini. Saini ni mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Edwin Mtei alikuwa Gavana wa kwanza, tangu Benki Kuu ilipofungua milango tarehe 14 Juni 1966 hadi 1974. Mwaka 1977 akawa Waziri wa Fedha, na mwaka 1979 akajiuzulu kwa kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Baadaye akawa mwanzilishi wa chama cha upinzani. Ukiona jina la Mtei kwenye noti ya zamani, angalia kwanza limesimama chini ya cheo gani. Mtu mmoja, vyeo viwili, na katikati yake mgogoro uliogeuza mwelekeo wa nchi. Noti za 2003 zina saini ya Daudi Ballali, Gavana aliyeondolewa Januari 2008 wakati wa sakata la akaunti ya malipo ya nje, akafariki Marekani miezi michache baadaye. Tuliibeba saini hiyo mifukoni kwa miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa. Na mapema mwaka 2025, wakati noti za zamani zinarudishwa, ziliingia noti zenye sura ileile ya siku zote lakini saini mpya, za Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati huo, na Gavana Emmanuel Tutuba. Wengi wetu tulizipokea kwenye chenji bila kujua kwamba tumeshika toleo jingine. Anayetaka kuanza mkusanyo asiye na mtaji aanze na hizo, bado mpya, bado zinapatikana kwa thamani iliyoandikwa juu yake.

Kuna sura za mbele. Mwalimu alikaa kwenye noti kuanzia 1966. Mzee Mwinyi akafuata. Alipoingia Benjamin Mkapa, utaratibu wa rais aliye madarakani kuwa kwenye fedha ukakoma. Mwaka 1997 twiga alichukua nafasi, na Mkapa mwenyewe hakuwahi kutokea kwenye noti. Naiona hiyo kama moja ya kazi njema za kimyakimya za serikali yake, na imeheshimiwa na marais wote waliomfuata. Majirani zetu wa Kenya walilazimika kuliandika jambo hilo kwenye Katiba yao ya 2010, kwamba fedha isibebe picha ya mtu yeyote. Hata hivyo, noti zao mpya zilipotoka Juni 2019 wakashtakiana mahakamani kwa sababu jumba la KICC lilichorwa pamoja na sanamu ya Jomo Kenyatta iliyo mbele yake. Sisi tulifika kwa desturi tu, bila kesi. Mwalimu alirudi kwenye noti ya 1,000 mwaka 2000, baada ya kifo chake, na Sheikh Abeid Amani Karume akaja kwenye 500 ya 2010. Jero ya karatasi ilichakaa upesi mno kwa sababu ya kupita mikono mingi, na mwaka 2014 ikageuzwa sarafu, Karume upande mmoja na nyati upande mwingine. Ninafurahi kwamba Karume alihamia kwenye chuma. Sura yake kwenye ile noti ya makondakta ilikuwa inafutika kabla mwaka haujaisha.

Kuna hesabu pia. Noti kubwa kabisa ya mwaka 1966 ilikuwa ya shilingi 100, na dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa shilingi 7 na senti 14. Ilichukua miaka ishirini kupata noti ya 200. Kisha mambo yakaenda mbio: 500 mwaka 1989, 1,000 mwaka 1990, na 5,000 na 10,000 zote mwaka 1995. Ndani ya miaka tisa tu tulitoka 200 kwenda 10,000. Mtu aliyestaafu mwaka 1986 na kiinua mgongo chake alikiona kikiyeyuka noti kwa noti, na kila noti mpya kubwa iliyotangazwa ilikuwa habari mbaya kwake hata kama ilipendeza. Tangu 1995, miaka thelathini imepita na hatujaongeza noti kubwa zaidi ya 10,000, ingawa dola imepanda kutoka shilingi mia tano na kitu hadi zaidi ya 2,000. Sehemu ya sababu ni kwamba mfumuko wa bei ulitulia. Sehemu nyingine ni simu: tangu M-Pesa iingie nchini mwaka 2008 na wenzake wakafuata, mwenye kulipa laki tano hahitaji burungutu. Kwa hiyo wekundu wa Msimbazi huenda ndiyo noti kubwa ya mwisho ambayo kizazi hiki kitaigusa kwa mkono.

Sasa nizungumze na wale wanaoniuliza kila mara, noti niliyobaki nayo ina bei gani? Mara nyingi jibu ni kwamba haina bei kubwa, na ni vizuri kulijua hilo mapema. Uzee peke yake hauleti thamani. Kenya ilipofuta noti yake ya zamani ya 1,000, hadi mwisho wa Septemba 2019 noti 7,386,000 zilikuwa hazijarudishwa. Mtu akikuambia ana noti adimu kwa kuwa imefutwa, kumbuka kwamba wenzake wanaweza kuwa milioni saba. Kinachofanya noti iwe adimu ni mambo mawili, zilizosalia ni ngapi na ziko katika hali gani. Noti ya 10,000 ya 2003 iliyokunjwa mara nne na kulowa jasho la mfukoni ni kumbukumbu ya familia, na kama kumbukumbu itunzwe. Ileile ikiwa haijawahi kukunjwa ni kitu kingine, kwa sababu ni watu wachache sana walioweza kushika noti kubwa kuliko zote nchini na kuiacha ilale bila kuitumia.

Wenye kukusanya kwa muda mrefu huitafuta hasa noti yetu ya 100 ya 1966, na sababu yake inanirudisha kwenye hoja yangu. Noti hiyo ina sura mbili za nyuma. Ya kwanza ilionyesha mfugaji wa Kimasai pamoja na wanyama. Ya pili, iliyoifuata, iliwabakisha wanyama na kumwondoa mfugaji. Ndiyo maana ya kwanza ni ngumu kuipata na bei yake huko kwenye minada ya nje iko juu sana kuliko ya pili. Kwa hiyo kumtoa mtu kwenye picha na kuacha mandhari si jambo lililoanza 2003. Lilikuwapo tangu toleo la kwanza kabisa la fedha yetu wenyewe, na tukalisahihisha kwa miongo miwili kwa wavuvi, wafyatuaji tofali na wahitimu, kabla ya kulirudia.

Anayetaka kuhifadhi asiharibu kwa kupenda. Noti chafu usiifue, usiipige pasi, usiibandike gundi ya karatasi pale ilipochanika. Vyote hivyo huua karatasi na mtazamaji mzoefu huviona mara moja. Plastiki laini ile inayonuka dawa hutoa mafuta yanayolainisha wino; tafuta mfuko mgumu mwangavu usionuka, au bahasha safi ya karatasi. Kwa sisi wa pwani adui mkubwa ni unyevu, kisha mende. Usiitundike ukutani penye jua. Na ukitaka kuijua noti halali, ishike kwanza kabla ya kuitazama. Zilipotoka noti za 2011 watu walilalamika kwamba zikisuguliwa kwenye karatasi nyeupe zinaacha rangi, wakadhani ni mbovu. Benki Kuu ikaeleza kwamba wino ule umeinuka juu ya karatasi kwa namna ya uchapaji inayotumika duniani kote, na kuacha rangi kidogo ni dalili ya uhalali wake. Ukipitisha kidole utausikia mkwaruzo wake. Kisha iinue kwenye mwanga: za 2003 zilificha kichwa cha twiga ndani ya karatasi, za 2011 zinamficha Mwalimu.

Wakati wa zoezi la 2025 mama mmoja muuza chakula aliniona nikibadilishana na mteja wake noti ya sasa kwa noti ya zamani ya 500, akaniambia, "Mwanangu, hiyo hela mfu, utaifanyia nini?" Nilimgeuzia upande wa nyuma, wenye Ukumbi wa Nkrumah. Akatazama, akasema mwanawe alihitimu mlimani pale, kisha akaniomba nimwachie. Nilimwachia, kwa sababu yeye alikuwa na haki nayo kuliko mimi.

Ninaiomba Benki Kuu mambo mawili. La kwanza ni dogo na halina gharama ya kutisha. Kabla ya noti zilizorudishwa kuchanwachanwa zote, zitengwe seti, hata zilizochakaa, zitobolewe kuonyesha kwamba si fedha tena, zipelekwe kwenye maktaba za mikoa na shule za sekondari, na seti nzuri zikae Makumbusho ya Taifa zikiwa na maelezo ya Kiswahili. Noti za rupia za Zanzibar zilizotolewa kuanzia 1908 na kufutwa mwaka 1936 zimebaki chache sana, na Mzanzibari wa kawaida anayetaka kuziona huzikuta kwenye vitabu vya minada ya Ulaya, kwa bei ya nyumba. Hatukuweza kulizuia hilo. La sasa tunaweza.

La pili ni kubwa zaidi. Siku moja litatengenezwa toleo jipya, kwa kuwa mwonekano huu tulio nao una zaidi ya miaka ishirini. Wananchi waulizwe mapema nyuma kuwekwe nini, kabla ya michoro kwenda kwa mchapishaji. Najua jibu litakalotolewa: majengo hayana kabila, hayana chama, hayana dini, hayagombanishi mtu. Ni hofu ya haki katika nchi iliyojengwa kwa uangalifu kama hii. Lakini mfyatua tofali wa noti ya 50 hakuwa na kabila wala chama, na sikumbuki kama kuna aliyegombana kwa ajili yake. Wavuvi wawili wa noti ya 200 wangeweza kuwa wa Mafia, Kigoma au Ukerewe. Mama ntilie, fundi cherehani, mkulima wa mpunga wa Kilombero, muuguzi wa zahanati, mwanafunzi anayetembea kilomita saba kwenda shule: hao ndio wanaoichakaza noti kwa kuishika, kila siku, kuliko yeyote anayefanya kazi ndani ya majengo yaliyochorwa juu yake. Mwalimu atakayeletewa wazo hili darasani asingoje seti kutoka Benki Kuu. Noti ya shilingi 20 yenye kiwanda cha matairi bado inapatikana kwa wazee wengi, wala bei yake haizidi daftari. Aipitishe dawati kwa dawati, kisha awaulize wanafunzi wake wangemchora nani.